Kuinuka kwa Asiyepona

Lugha yetu ina maneno mengi ya kuieleza hali ya mtu atokaye katika ugonjwa. Huyu amepona, yule amepata nafuu, mwingine ana ahueni. Maneno haya hayalingani. Aliyepona amemalizana na ugonjwa wake. Mwenye nafuu ana mapatano nao tu, na mapatano hayo yaweza kuvunjwa usiku wowote. Ajabu ni kwamba tunapozungumza juu ya mtu aliyeangushwa na dunia kisha akainuka, aghalabu twatumia kipimo cha kwanza peke yake. Twataka aliyeanguka apone: arudi pale alipokuwa, pamoja na mali yake, nguvu zake na uso wake wa zamani. Asiporudi twasema hakuinuka. Nauliza kama kipimo hicho ni cha haki kwa mtu ambaye mwili wake hautapona, na hasa kwa mwenye maradhi ya tumbo ya siku zote, ambayo hayamwui wala hayamwachi.

Nachagua tumbo kwa makusudi. Maradhi mengine yana heshima yake mbele za watu. Mguu uliovunjika huonekana, na gongo humwombea radhi mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Bali tumbo ni siri. Mgonjwa wake huonekana mzima. Hucheka barazani na kuvaa vizuri. Halafu huondoka ghafula katikati ya mazungumzo, hukataa chakula cha mwenyeji wake, hukosa safari aliyoiahidi. Yote haya kwa desturi yetu ni makosa ya adabu, maana kukikataa chakula ni kumkataa mwenye nyumba. Na kueleza sababu ni aibu nyingine iliyo kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa hapana njia ya staha ya kutaja kuhara au damu mbele ya wakwe. Basi mgonjwa huona heri adhaniwe mwenye kiburi kuliko kujulikana kuwa mgonjwa.

Tuitazame Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Ni pwani ya kazi. Maboti ya abiria huondoka hapo kwenda Gombe na vijiji vya kaskazini. Dagaa hufika asubuhi, huanikwa juani, kisha hujazwa magunia na kwenda mbali. Dagaa hawavuliwi vizuri mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu taa za wavuvi hushindwa na mbalamwezi. Kwa hiyo kazi yenyewe ina siku zake za giza za kutoka na siku zake za mwanga za kukaa. Mwaka 2024, kwa mapatano ya nchi nne zinazopakana na ziwa, Tanzania ilifunga uvuvi tangu 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Mtu aliyekaa bila kazi miezi mitatu hiyo hakustahili kuitwa mvivu, maana ziwa lenyewe lilikuwa limepumzishwa. Hasara ilikuwapo, walakini haikuwa na fedheha.

Sasa mfikirie mwanamke mmoja wa pwani hiyo. Simtaji mtu, natunga mfano. Biashara yake ya dagaa ilikatika muda ule ule kama ya wenziwe, ila yeye ana vidonda vya tumbo vya miaka kumi. Ziwa linapofunguliwa wenziwe wanarudi siku ile ile. Yeye anarudi siku tano baadaye, anaanika nusu ya mzigo wake wa zamani, na adhuhuri hutafuta kivuli kwa kuwa jua na njaa vikikutana humlaza chini. Kwa macho ya pwani ameshindwa. Kwa macho yangu amefanya kazi kubwa kuliko wenziwe wote, kwa kuwa wao walifunguliwa kifungo kimoja, naye alikuwa na viwili, na hicho cha pili hakina tarehe ya kufunguliwa.

Mtu ataniambia kwamba mchuuzi hulipa kwa gunia, halipi kwa jitihada. Ni kweli, wala soko halina kosa kulipa hivyo. Kosa ni letu tunaoichukua mizani ya soko na kuipimia utu.

Pwani hii hii ina kisa kinachojulikana duniani kote ambacho, nathubutu kusema, husomwa vibaya. David Livingstone aliingia Ujiji mnamo Oktoba 1871 akiwa mifupa mitupu. Alikuwa ameahidiwa na matumaini yake mwenyewe kwamba angeufuata mto Lualaba mpaka ajue uendako. Badala yake alikosa mitumbwi, akashuhudia mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, akarudi nyuma. Tumbo lake lilikuwa limemtesa miaka mingi kwa kuhara na kutoka damu. Alitegemea bidhaa zake zilizotangulia Ujiji. Alipofika akakuta Sherif, aliyekabidhiwa mali ile, ameiuza yote, akidai kwamba alipiga ramli kwa Kurani akaona mwenyewe amekwisha kufa. Hapo ndipo mfanyabiashara Mwarabu, Sayyid bin Majid, alipojitolea kuuza pembe zake za ndovu ili ampe Livingstone bidhaa. Livingstone alimshukuru, lakini hakuzipokea wakati ule. Muda si mrefu akafika Henry Morton Stanley na msafara wake.

Watu hupenda kuishia hapo, kwenye kuvua kofia na kusalimiana. Mimi huvutwa na majuma yaliyofuata. Mgonjwa alikula, tena mara nne kwa siku, alilala, akazungumza. Kati ya Novemba na Desemba 1871 wakapanda mtumbwi yeye na Stanley, wakafuata ukingo kwenda kaskazini, njia ambayo lazima ilipita mbele ya ghuba ya Kigoma na fukwe za jirani yake, mpaka kwenye mlango wa mto Rusizi. Waliona kwa macho yao kwamba mto ule huingia ziwani wala hautoki, na hivyo ubishi mmoja wa wanajiografia ukafungwa. Ilikuwa safari ya mwezi mmoja hivi, ya kukaa mtumboni, yenye mwanzo na mwisho, kwa kadiri ya mwili aliokuwa nao. Hakupona. Alikuwa ameinuka.

Kisha alikataa kurudi kwao na Stanley. Waliagana karibu na Tabora mnamo Machi 1872. Mwezi wa Agosti, watu na vitu alivyopelekewa vilipofika, akaondoka tena, akazunguka kusini ya ziwa kuelekea Bangweulu, kutafuta chemchemi za Nili mahali ambapo hazikuwapo, maana Lualaba ni Kongo. Masika yalimkuta katika vinamasi. Damu ilirudi. Mwishowe hakuweza kutembea wala kupanda punda, akachukuliwa kwa machela. Vitabu vingi huita huko ndiko kuinuka kwake, na safari ya Rusizi hupewa kurasa chache. Naona mambo ni kinyume. Aliyekwenda Bangweulu alikuwa amekirudia kipimo cha mzima, kwamba mtu hajainuka mpaka amalize alichokianza kabla ya kuanguka. Na kipimo hicho kilipomshinda, uzito wake uliangukia mabega ya watu wengine. Siusemi ujasiri wake kuwa si kitu. Nasema ujasiri wa namna ile una mchukuzi, na mchukuzi hasifiwi.

Hapa pana jambo linalowahusu wagonjwa wenyewe, wala si haki kuwahurumia kiasi cha kuwaondolea wajibu. Mwenye tumbo bovu ana deni la ukweli kwa wale wanaomtegemea. Si lazima autangaze ugonjwa wake barazani. Lakini mshirika wake katika biashara, mkewe au mumewe, mkuu wake wa kazi, hawa wanastahili kujua ni ahadi zipi zaweza kutimizwa na zipi haziwezi. Akinyamaza, kila ahadi anayoivunja itahesabiwa kuwa tabia yake. Tena ana wajibu wa kupokea msaada. Huu ni mgumu zaidi, hasa kwa wanaume. Mkono wa Sayyid bin Majid ulikuwa mkono wa jirani, nao ulinyoshwa kabla ya mkono wa mgeni.

Lakini wasemaji nao wana deni, na deni lao ni la zamani. Kwa miaka mingi wenye vidonda vya tumbo waliambiwa, na waganga wenye vyeti, kwamba wamejitakia: wana wasiwasi, wana hasira, hawatulii. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, huko Perth, Australia, walimwotesha katika maabara kijidudu kiitwacho Helikobakta pailori, kilichotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Hawakusadikiwa upesi. Mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe akaugua gastriti, uvimbe wa ngozi ya ndani ya tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Leo yajulikana kwamba vidonda vingi hutokana na kijidudu hicho au na dawa za kutuliza maumivu zinazotumiwa kwa muda mrefu. Hata hivyo barazani bado twamwambia mgonjwa aache kuwaza sana, kana kwamba hukumu ile haijatenguliwa. Maneno hayo husemwa kwa mapenzi, najua. Ila humfanya mgonjwa kuwa mshtakiwa, na anayeshtakiwa hatumii nguvu zake kuinuka, hutumia kujitetea.

Watakaosisitiza kwamba kuinuka ni kurudi palepale, nawaomba waseme palepale ni wapi. Ziwa Tanganyika lilipanda katika miaka ya 1870 hata Stanley, aliporudi Ujiji mwaka 1876, akaona maji yamemeza mahali alipopakumbuka pakavu. Kisha, karibu na mwaka 1878, likafungua njia ya mto Lukuga, likashuka mita kadhaa. Ndiyo sababu mnara wa makutano ya Ujiji leo umesimama mbali na maji. Katika miaka ya 2020 na 2021 likapanda tena, likaingia katika majengo ya pwani. Hapana mvuvi anayelisubiri lirudi kwenye kimo chake cha haki ndipo ashushe mtumbwi. Huusogeza mtumbwi.

Siku kadhaa za mwisho wa Aprili 1873 Livingstone aliandika katika daftari tarehe peke yake, bila habari. Alifariki kwa Chitambo tarehe 1 Mei. Watu wake walipoupasua mwili ili waukaushe, waliona donge la damu tumboni, kubwa kama mkono wa mtu, wakajua alichokuwa amekibeba. Walimfikisha Bagamoyo mnamo Februari 1874, naye akazikwa London tarehe 18 Aprili. Abdullah Susi na James Chuma walifika Uingereza maziko yamekwisha. Huko wakakaa na Horace Waller, aliyekuwa akizitengeneza daftari zile ziwe kitabu, wakamweleza yaliyotokea katika siku zile zenye tarehe tupu.