Mtoto ni Amana, Si Mtaji

Baadhi ya wazazi wa Kawangware wametuuliza: mtoto mwenye mwili mwepesi, akiitwa kuingia katika timu ya jimnastiki ya mashindano, asaidiwe au azuiwe?

Twajibu kwamba asili ya jambo hili ni njema. Mwili ni amana, na kuutia nguvu ni katika kuitunza. Imepokewa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, basi adhaniaye kila mchezo ni upuuzi amekosea. Watoto wetu hujipindua vumbini pasipo godoro wala msimamizi. Kupata mwalimu ni kheri kwao. Amma mavazi ya wasichana, kanuni zaruhusu nguo zifunikazo miguu yote, na timu ya Ujerumani ilizivaa Tokyo mwaka 2021.

Lakini lipo suala zito kuliko nguo: tumsaidiapo mtoto, twamsaidia nani? Maskini akiona kipawa kwa mwanawe, huona mlango wa kutokea katika chumba cha mabati. Hatumlaumu. Ila matumaini hayo yakizidi, mtoto hugeuka mtaji, na mtaji hauna ruhusa ya kusema, "Naumia." Na mafunzo yakiwa ya bure, mzazi huona haya kumhoji mwalimu, akidhani kuhoji ni kukosa shukrani.

Tuzingatie yaliyotokea Marekani. Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi kwa kisingizio cha matibabu. Januari 2018 mahakama ilisikiliza maelezo ya wanawake na wasichana zaidi ya 150, ikamhukumu kifungo cha miaka 40 hadi 175. Wapo wazazi waliokuwamo chumbani wasitambue, na wapo wasichana waliosema mapema wasisadikiwe. Wazazi hao hawakuwa waovu. Sifa ya daktari na mng'aro wa medali viliwafumba macho.

Mmoja wa waliodhulumiwa, Simone Biles, alijitoa katika fainali ya timu huko Tokyo alipoona akili yake haimwongozi tena hewani. Ikiwa bingwa wa dunia aweza kusema, "Basi," mtoto wa Kawangware ana haki hiyo hiyo. Na Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 53, imetanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo limhusulo.

Basi, ndugu zetu, msaidieni mtoto apendaye mchezo huu, lakini nendeni naye mazoezini mketi muone. Msikubali mafunzo ya mlango uliofungwa. Ulizeni habari ya chakula, ya maumivu, na ya nani hubaki naye peke yake. Akisema neno, msikilizeni kabla ya kumsikiliza mkubwa. Mwalimu huazimwa mtoto kwa saa mbili, ulezi haukuazimwa. Akirudi na medali tutafurahi. Akirudi mikono mitupu, mzima wa mwili na moyo, amana imehifadhiwa.

Wabillahi tawfiq.