Shajara na Wavu

Mtu akiulizwa asili yake hutaja baba, babu na baba wa babu, hadi amfikie mmoja anayemridhisha. Njia hiyo huenda ikawa ya kweli. Swali ni iwapo inastahiki kuitwa asili yote.

Mwaka 1837 Charles Darwin alichora katika daftari lake mti mdogo, matawi yakigawanyika bila ya kukutana tena. Kanuni ya mti ni kuwa kila kifundo kina mzazi mmoja tu. Ngano ya mkate imeivunja kanuni hiyo: ngano ya kale yenye kromosomu 28 ilichanganyika na nyasi ya mwituni yenye kromosomu 14, ikazaliwa ngano yenye 42. Hapo tawi limekutana na tawi, na mti umegeuka wavu.

Atakaye kuupata mti ndani ya wavu, sharti kwa kila kifundo chenye wazazi wawili amwache mmoja. Kifundo kimoja huweza kutoa miti miwili, viwili minne, na kumi hufikia 1,024. Wala miti hiyo si ya kubuni, kwani kila kipande kidogo cha urithi kina njia yake moja. Lakini wanahisabati wamethibitisha jambo zito zaidi: nyavu mbili zisizofanana huweza kubeba miti ile ile. Mwenye maumbo ya miti hiyo pekee, hata ayakusanye yote, hawezi kuamua ni wavu upi uliotokea. Kutojua kwake si uvivu. Ni mpaka wa ushahidi wenyewe.

Mwaka 2023 utafiti wa mabaki ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya mwambao ulionyesha kuwa wengi wao walikuwa na wazee wa Afrika na wa Asia, hasa Uajemi, na kuwa kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi anayejitangaza Mshirazi mtupu na anayemkana babu wa ng'ambo wameukata wavu mmoja, kila mtu kwa upande wake.

Kutaja tawi moja si uongo. Uongo huanza pale tawi hilo linapofanywa hoja ya kumnyima mwengine haki ya kuitwa mwenyeji. Muungwana hutaja analolijua, na lisilojulikana huliacha wazi.