Kuku Anayepokea Vifaranga Wasio Wake



Katika vijiji vingi vya Shinyanga, kuku anayeatamia hutengewa pembe ya nyumba yenye kiza kidogo, mbali na mbwa na mbio za watoto. Kiota chake huwa beseni lililotoboka au chungu kilichopasuka mdomo, ndani yake majani makavu na majivu kidogo ya kuzuia utitiri. Mwenye nyumba humsogezea mtama na maji ili asihangaike kwenda mbali. Kwa siku 21 kuku huyo hutoka mara chache tu: hula haraka, hunywa, huoga vumbi, hurudi. Mwili wake hupungua. Usiku na mchana huyageuza mayai kwa mdomo wake, kwa sababu yai lisipogeuzwa, kijusi huweza kugandamana na ganda na kufa. Anayepita mlangoni humwona amekaa tu.

Je, ndugu yangu, unayo kazi ya namna hiyo maishani mwako? Labda unamuuguza mzazi aliyelala kitandani. Labda unamwombea mtoto aliyepotea mjini, au unaamka kabla ya jogoo kuwika ili familia ipate uji, na hakuna aliyewahi kukushukuru. Nataka ukae na swali hilo kidogo kabla hatujaendelea.

Kuna kuku wanaoitwa Cochin, asili yao China, wakubwa na wazito, wenye manyoya yaliyofunika miguu mpaka vidole. Walifika Uingereza miaka ya 1840, na Malkia Victoria mwenyewe akawafuga. Watu walishikwa na wazimu wa kuku: huko Uingereza na Marekani wakawa wanalipa fedha nyingi mno kwa jozi moja, katika miaka ileile ambayo dhahabu ya California ilikuwa inawatoa watu makwao. Wazimu ule ulipita upesi. Wafugaji waliobaki na Cochin waliendelea kuwapenda kwa jambo la kimya zaidi. Ni kuku watulivu, hodari wa kuatamia, na hulea vifaranga wa kuku wengine, hata wa bata, bila kuwabagua.

Kwetu Kanda ya Ziwa tunaye Kuchi, kuku mrefu wa miguu na shingo, ambaye jogoo wake hutafutwa kwa bei nzuri. Hana utulivu wa Cochin. Kuchi ni mgomvi. Lakini akina mama wafugaji wanafahamu kwamba hata kuku mkali hupokea mgeni akipelekewa kwa busara. Mnyama akimnyakua mama, au gari likimgonga barabarani, vifaranga waliobaki hawaletwi kwa mama mwingine mchana, maana huenda akawadonoa. Husubiriwa usiku. Mkono mmoja humwinua taratibu kuku aliyetotoa siku zilezile, mkono mwingine huwasukumia yatima chini ya bawa lake, joto kwa joto. Mara nyingi kukipambazuka huwaita wote kwa sauti moja, na hakuna anayeweza kusema yupi ni wa nani.

Ninapotafakari jambo hili, mawazo yangu huenda kwa bibi zetu. Ukanda huu wa dhahabu, kutoka Kahama mpaka Geita, una nyumba nyingi ambamo bibi analea wajukuu. Kijana husikia kuna rashi mpya ya dhahabu, anafunga mfuko, anaelekea machimbo ya Nyarugusu au Rwamgasa, anashuka duarani, ndani ya shimo la mgodi. Simlaumu mchimbaji. Mabati mengi ya vijijini, sare nyingi za shule, na sadaka nyingi tunazopokea kanisani zimetoka katika jasho lake na hatari aliyoikabili chini ya ardhi. Lakini wengine simu zao hukoma. Mwaka unapita, mwingine unafuata. Mtoto aliyeachwa akinyonya anajifunza kusoma, na anayemnunulia daftari kwa fedha ya mayai ni bibi.

Bibi huyo hakuomba kulea mara ya pili. Aliletewa wajukuu usiku, kama wale vifaranga, na asubuhi akawaita wote wake.

Halafu baba anarudi. Hana dhahabu, ana kikohozi cha vumbi la mwamba, na anasimama uani hajui akae wapi. Mpendwa wangu, hapa ndipo upendo unapokuwa mgumu kweli. Kumpokea mtoto asiye na hatia ni jambo moja. Kumpokea mtu mzima aliyekuumiza ni jambo jingine kabisa, na sitaki mtu yeyote akuambie kwamba ni rahisi. Bibi anaweza kumpa maji ya kunywa leo na asiweze kumtazama machoni. Hayo maji tayari ni mwanzo. Mtoto naye aruhusiwe kuchelewa. Moyo wake haujui bado kama mgeni huyu atakuwepo kesho.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana wetu anaitazama Yerusalemu, mji uliokuwa umewaua manabii, na anajifananisha na kuku atakaye kukusanya vifaranga wake chini ya mabawa. Alitaka mara nyingi, wao hawakutaka. Mimi hurudi sana kwenye neno hilo la Bwana kwa sababu ya mahali aliposimama alipolisema. Siku chache tu zilibaki kabla ya msalaba, na aliwajua waliokuwa wakimtafuta. Bado alizungumza juu ya bawa. Yapo majeraha gani yako ambayo hujathubutu kuyapeleka hapo?

Nina ombi moja la wiki hii, na linahusu kuku kwa kweli. Ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini huweza kumaliza karibu banda zima, na wapo wanaowahi gulioni kuuza wagonjwa kabla hawajafa. Ndivyo ugonjwa unavyofika kwa jirani. Nchini kwetu tunayo chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingine nyingi: tone moja jichoni kwa kila kuku mwenye afya, na kurudia kila baada ya miezi 3. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, na kikishafunguliwa hakikai muda mrefu. Kwa hiyo majirani hulazimika kupatana siku.

Mwulize ofisa mifugo wa kata siku hiyo ni lini. Kisha uende wewe mwenyewe, usimtume mtoto, ukamwambie yule jirani ambaye hamjasalimiana tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwambie tu siku ya chanjo, na kwamba kichupa mtachangia. Akikujibu kwa mkato, mshukuru urudi nyumbani. Miezi 3 ikiisha utakuwa na sababu ya kwenda tena.