Habari Iliyo Wazi na Habari ya Mlango wa Nyuma

Ni haki kupata faida kwa sababu tu umejua jambo ambalo mwenzako hajalijua? Mwaka 44 kabla ya Kristo, mwanafalsafa wa Roma, Cicero, aliliuliza swali hili kupitia mfano wa mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka, akatia nanga katika kisiwa cha Rhodes penye njaa, huku akijua kuwa meli nyingine za nafaka ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Katika simulizi la Cicero, mwanafalsafa Diogenes wa Babeli aliona kunyamaza si kudanganya. Mwanafunzi wake Antipater alikataa, na Cicero akawa upande wa Antipater. Karne kumi na tatu baadaye, mwanateolojia Thoma wa Akwino aliona haki haimlazimishi muuzaji huyo kusema, ingawa akisema atakuwa ametenda wema zaidi. Uislamu nao umeligusa suala hilo. Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinakataza kuuendea msafara wa bidhaa njiani kabla haujafika sokoni, na katika pokezi la Muslim mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuyavunja mauzo. Kuijua bei hakukukatazwa hapo. Kilichokatazwa ni kumuwahi mtu kabla hajapata nafasi ya kuijua.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoishika ninapomtazama mfanyabiashara wa leo anayesaka wateja serikalini kupitia intaneti. Nchini Tanzania kazi hii hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023 badala ya mfumo wa awali, TANePS. Muuza madawati anafungua mpango wa ununuzi wa halmashauri, anaona samani za shule zitanunuliwa lini. Kisha anarudi kwenye mikataba iliyokwisha kutolewa, anaona nani alishinda na kwa shilingi ngapi. Akikesha juu ya rekodi hizo ataingia kwenye zabuni akiwa amejiandaa kuliko wenzake, na simwoni kuwa sawa na yule wa Rhodes. Watu wa Rhodes hawakuwa na namna ya kuziona meli zilizo baharini. Huyu amesoma kilichobandikwa kwa ajili ya kila mtu, na aliyekibandika ni mnunuzi mwenyewe. Tena fedha ni za walipa kodi, ambao hunufaika wazabuni wengi wanapojua bei ya mwaka jana na kushindana kuishusha.

Pingamizi zito ni kwamba uwazi huo ni wa wenye kompyuta. Kikundi cha akina mama wanaoshona sare kijijini kiko kama ule msafara: soko lipo, lakini hakijalifikia. Tanzania na Kenya zimetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini fungu usilojua limetangazwa lini halikusaidii. Nakubali dhuluma ipo hapo, ila si ya aliyesoma. Deni ni la mwenye soko: matangazo yafike kwenye ubao wa ofisi ya kata, na afisa maendeleo ya jamii akae na kikundi hadi kisajiliwe kwenye mfumo.

Wengine watasema yote haya ni bure, kwa kuwa zabuni ina mwenyewe na bila mchongo hushindi. Wanaosema hivyo wanaeleza ugonjwa uliopo, na maelezo ya ugonjwa si ruhusa ya kuueneza. Kumpigia afisa ununuzi kuuliza zabuni itatangazwa lini, jibu ambalo angempa yeyote, ni halali. Lakini anayedokezwa makadirio ya bei ya taasisi, au anayeombwa kusaidia kuandika vipimo vya dawati ambavyo karakana yake pekee inavitimiza, ametoka kwenda kuuwahi msafara njiani. Atajitetea kwamba ametumia juhudi na muda kujenga uhusiano. Lakini juhudi yake ilielekea mahali ambapo mshindani wake, hata angejitahidi vipi, asingefunguliwa. Aulizwe mbele ya wazabuni wenzake habari yake ameitoa wapi: aliyesoma mpango wa ununuzi atataja ukurasa, na aliyedokezwa makadirio atanyamaza, hata kama dawati lake ndilo imara kuliko yote.