Nani Kaniongezea Uzito?

Hivi ndugu ni mzigo? Swali hili lilinianzia njiani, kwetu Kabanga, Kasulu. Alfajiri, njia ikiwa tupu, natoka nyumbani hadi sokoni kwa dakika kumi. Lakini siku ya gulio, mama yangu! Huyu shangazi, lazima nisimame. Yule mzee, salamu zetu Waha si za kupunga mkono na kupita. Nafika baada ya saa nzima, hoi kama niliyebeba gunia, na mikono mitupu! Nikawa naapa: nitahamia Dar, nisijuane na mtu.

Kumbe mambo haya yamo hata ndani ya metali. Umeme humo ni mwendo wa elektroni. Elektroni ikiwa peke yake, uzito wake haubadiliki. Ila zipo metali ambamo hukwamishana mno, kila moja ikaenda kana kwamba uzito wake umezidi mara mia kadhaa. Mwaka 1975 wataalamu walilipima jambo hilo katika mchanganyiko wa seriamu na aluminiamu.

Ningeishia hapo, ningesema: mnaona? Wenzako ndio wanaokuchelewesha! Lakini mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake walionyesha kwamba elektroni nzito kama hizo, baridi ikizidi sana, hushikana mbilimbili na kupita bila kizuizi chochote. Chuma, kwa usumaku wake, kilidhaniwa adui wa mwendo huo, mpaka mwaka 2008 kundi la Hideo Hosono huko Japani likawashangaza wengi kwa mchanganyiko wenye chuma. Na chuma kikiungana na potasiamu na aseniki, elektroni zake huwa nzito, na baridi ikizidi hupita vilevile bila kizuizi.

Usiku mmoja mama alizidiwa. Waliokuja na machela ni walewale wa salamu ndefu. Tulipokezana mpaka hospitali, wala sikumbuki kama palikuwa na mlima.

Elektroni hazichagui, mimi nachagua. Kwa hiyo sisemi kila anayenikwamisha ananifaa. Wapo wanyonyaji tu, na kuwakatalia si dhambi. Lakini anayetaka njia tupu maisha yake yote ajiulize mapema: usiku ule, nani atashika upande wa pili wa machela?