Ndiyo ya Darasa Zima

Liko neno moja lisemwalo kila siku katika shule zetu za msingi, nalo ni jepesi kinywani kuliko mengine yote. Mwalimu amalizapo kueleza somo, huwageukia watoto na kuuliza, "Tumeelewa?" Nao huitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Basi twauliza: mtoto aitikaye hivyo naye hakuelewa, je, amesema uongo? Na kama ni uongo, ni wa nani?

Swali hili lilitujia katika juma moja la kufundisha hesabu darasa la pili. Jumatatu tulifundisha kutoa kwa kukopa. Tuliandika ubaoni 52 kutoa 27, tukasema: mbili kutoa saba haiwezekani, basi twakopa kumi kwa jirani. Tulipouliza kama wameelewa, "ndiyo" yao ilijaza chumba, nasi tukafurahi, tukafuta ubao.

Jumanne tuliwapa mazoezi. Katika hesabu ile ile tuliyoifanya mbele ya macho yao, wengi waliandika 35. Hawakubahatisha. Walitoa mbili katika saba wakapata tano, wakatoa mbili katika tano wakapata tatu. Yaani kila mahali walitoa tarakimu ndogo katika kubwa, bila kutazama ipi iko juu. Hiyo ndiyo kanuni waliyoishika, na waliifuata kwa uaminifu. Walipoitika "ndiyo", walisema kweli kwa kadiri yao: jambo fulani walikuwa wamelielewa, walakini si lile tulilofundisha.

Jumatano tulirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugonjwa ulikuwa masikioni mwao. Tukauliza tena, wakaitika tena. Ndipo mtoto mmoja wa dawati la nyuma akasimama, akasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa. Tumekopa kumi kwa jirani, tutamlipa lini?" Darasa zima likacheka. Twaona haya kuandika kwamba nasi tulicheka, tukamwambia aketi asikilize vizuri. Na ukutani, juu ya kichwa chake, ilibandikwa karatasi tuliyoiandika kwa mkono wetu wenyewe: Kuuliza si ujinga.

Usiku ule swali lake halikutuacha. Nyumbani kwao, kama kwetu sote, akopaye kibaba cha unga hana budi kukirudisha. Sisi tulitumia neno la deni mahali pasipo deni. Katika 52 hakuna jirani akopeshaye. Hamsini ni mafungu matano ya kumi. Ukilifungua fungu moja, yabaki mafungu manne, na zile moja moja zimekuwa kumi na mbili. Mtoto yule aliyesema hakuelewa ndiye aliyetusikiliza kuliko wote.

Alhamisi tulileta vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa kamba za mgomba. Kwanza tuliwaambia watoto kwamba jana tulikosa kucheka. Kisha tulimwita yule mtoto alifungue fungu mbele ya wenzake. Hatukuuliza tena, "Tumeelewa?" Tulisema, "Nionyeshe." Ijumaa tuliwapa hesabu nyingine, wengi walipata, wengine bado. Lakini safari hii tuliwajua waliobaki nyuma, nao walijijua, wala hakuna aliyejificha.

Basi uongo ule ni wa nani? Twaona sehemu kubwa ni ya mwenye kuuliza. Mtu akiifanya kweli iwe jambo la aibu, asishangae akijibiwa yasiyo kweli. Sisi tuliuliza ili tusifiwe, wala si ili tujue. Watoto wakatupa tulichokitaka.

Wako watakaosema kwamba haya hayawezekani. Tangu mwaka 2016, Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila ada, watoto wamejaa madarasani, na kipindi cha darasa la pili ni dakika 30 tu. Hayo ni kweli, wala hatuwezi kumngoja kila mmoja. Lakini kuwaita watoto watatu waonyeshe kwa vijiti kulitugharimu muda mchache kuliko siku mbili za kurudia yasiyoeleweka.

Hata hivyo mtoto naye hana budi kufundishwa ujasiri wa kusema, "Sijaelewa." Mazoea ya darasani hayabaki darasani. Aliyezoea kuitika pamoja na wengine ataitika vivyo hivyo barazani, asijue lililokatwa. Na siku moja atatia dole gumba katika karatasi ya mkopo asiyoielewa. Hapo deni litakuwa deni la kweli, na swali la "tutalipa lini" litakuwa limechelewa.

Nanyi wazazi mwaweza kutusaidia. Mtoto arudipo jioni, msimwulize tu kama amesoma vizuri, maana jibu mwalijua kabla hajalisema. Mpeni punje za mahindi, mwambieni awaonyeshe. Na akisema kwamba jambo fulani hakulielewa, msimcheke wala msimkaripie. Amewaambia kweli, na kutoka hapo kufundisha kwaweza kuanza.