Mwenye Kutazama Ugomvi wa Matajiri

Twauliza katika ukurasa huu suala ambalo kwa dhahiri laonekana dogo. Mtu akaaye usiku mbele ya televisheni, akatazama mchezo wa jamaa matajiri waliofitiniana kwa ajili ya mali, moyo wake wafanya kazi gani wakati huo? Hatukusudii kusema hapa juu ya hukumu ya kutazama kwenyewe. Hilo lina mlango wake, na walioandika juu yake ni wengi. Sisi twauliza khabari za moyo, kwani moyo haupumziki kwa kuwa mwenyewe amekaa kupumzika.

Michezo ya namna hii, ya kwetu na ya kigeni, yaingia majumbani mwetu kila usiku. Walakini tumechagua mmoja wa zamani, kwa sababu watazamaji wake walipata kuulizwa kwa makini. Nao ni mchezo wa Marekani uitwao Dallas, ulioanza mwaka 1978 ukaisha mwaka 1991. Kisa chake ni cha jamaa ya Ewing wa Texas, wenye mafuta na shamba kubwa la ng'ombe, baba na mama na wana na wake zao chini ya dari moja. Mwana mkubwa, J.R., ni mtu wa hila. Hakusalimika kwake nduguye Bobby, wala mkewe, wala mshirika wake wa biashara. Tarehe 21 Machi 1980 mchezo ulikomea pale J.R. alipopigwa risasi na mtu asiyejulikana. Ilipofika 21 Novemba mwaka ule ule, usiku wa kufichuliwa aliyempiga, watu zaidi ya milioni 80 katika Marekani peke yake walikaa kutazama. Kumbe ni shemeji yake, ndugu wa mkewe.

Huko Uholanzi mwanachuoni mmoja, Ien Ang, alitia tangazo katika jarida liitwalo Viva, akiwaomba watazamaji wamwandikie waonavyo juu ya mchezo huo. Akapata barua 42, akazitungia kitabu kilichotoka mwaka 1982. Wako waliousifu, na wako waliosema ni upuuzi mtupu, na hata katika hao wako ambao hawakuacha kuutazama! Lililotushughulisha sisi ni kuwa wapenzi wake hawakuvutwa na majumba na magari tu. Mali ile waliiona iko mbali nao, lakini ugomvi wenyewe waliutambua: mke asiyeaminiwa, ndugu mwenye choyo, mzee apendaye mwana mmoja kuliko mwengine. Waliyaona ya nyumbani kwao yamevishwa nguo za fahari.

Wanachuoni wengine wawili, Tamar Liebes na Elihu Katz, waliwakusanya watazamaji wa makabila mbalimbali katika Israeli, Waarabu miongoni mwao, wakawataka wasimulie walichokiona. Katika sehemu moja Sue Ellen, mkewe J.R., amemchukua mtoto wake mchanga akatoroka, akaenda kukaa katika nyumba ya mpenzi wake wa kale na baba yake huyo mpenzi. Baadhi ya Waarabu wakasimulia kwamba amerudi kwa babake mwenyewe. Macho yaliona jambo, ada ikalisahihisha. Hatuwacheki. Aliyelelewa kujua kwamba mke aliyedhulumiwa hurudi kwa wazee wake, haoni njia nyengine. Lakini twajifunza hapa kuwa mtazamaji si chombo kitupu kingojacho kutiwa. Huja na chake, na hicho alichokuja nacho ndicho tunachokiulizia.

Qur'ani imetupa kisa cha tajiri pamoja na watazamaji wake. Katika Suratul Qasas, aya ya 76 mpaka ya 82, Qaruni anawatokea watu wake amejipamba. Wapendao dunia wakatamani wangepewa mfano wa alichopewa. Waliopewa ilimu wakawakanya. Kisha ardhi ikamdidimiza yeye na nyumba yake. Sasa tazama: hakutajwa hata mtu mmoja aliyepiga makofi. Wenye ilimu walisema kabla ya kuanguka kwake, wakati maneno yalipokuwa na faida. Na wale waliotamani jana, walipopambaukiwa walijitazama nafsi zao, wakajua kuwa lau si fadhila ya Mwenyezi Mungu wangalididimizwa nao. Khofu iliwaingia, si furaha.

Ama sisi, tajiri wa mchezoni aangukapo, chumba kizima huchekelea. Waarabu huita jambo hili shamata, yaani kufurahia msiba wa mwenzio, na Imam Ghazali katika Ihyaa ameihesabu, pamoja na hasadi, katika uzao wa mafundo ya moyoni. Mwenye kucheka hujidhani yuko upande wa haki, kwani aliyeanguka ni dhalimu. Huenda ikawa. Lakini angecheka vivyo hivyo kama dhalimu yule angalikuwa fukara?

Mtu atasema: J.R. ni mtu wa kubuniwa, basi nimemhusudu nani? Twajibu kuwa anayejifunza upanga kwa kupiga gogo, gogo haliumii, lakini mkono wazoea. Wala hatusemi kuwa kila kisa cha ndugu waliochukiana ni kibaya. Suratu Yusuf ni kisa cha ndugu waliomhusudu ndugu yao, nacho chaishia kwa aliyedhulumiwa kuwasamehe bila ya kuwalaumu.

Iko sehemu moja ya Dallas ambayo Muislamu yampasa kuitazama kwa jicho jengine. Mzee Jock Ewing amekufa, na katika sehemu za mwaka 1982 wasia wake wasomwa: J.R. na Bobby washindane mwaka mzima katika kampuni ya mafuta, na atakayepata faida zaidi ndiye atakayeitawala. Watazamaji waliuliza nani atashinda. Kwetu suala la kwanza ni nani aliyempa baba ruhusa ya kuwapiganisha wanawe kutoka kaburini. Sharia yetu imeufunga mlango huo. Mafungu yamekadiriwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Wasia haupiti thuluthi, wala haumpi mrithi ila warithi wenziwe waridhie. Hata katika uhai, Mtume (s.a.w.) alikataa kumshuhudia babake Nuuman bin Bashir zawadi aliyompa mwana mmoja akawaacha wengine.

Twajivunia haya, na ni haki yetu kujivunia. Kisha twende katika mitaa yetu, Mombasa, Malindi, Lamu. Baba amekufa miaka ishirini nyuma na nyumba haijagawanywa. Kaka mkubwa apokea kodi. Dada huambiwa "nyumba ni yetu sote", na Idi ikija apewa doti ya kanga. Mahkama ya Kadhi iko, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa uwezo katika mirathi ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo. Lakini dada akitaja Kadhi huambiwa ataka kuwaaibisha. Na usiku kaka na dada hukaa chumba kimoja mbele ya televisheni, wakamlaani pamoja mtu mwenye kula haki ya nduguye. Hatusemi kuwa kaka ni mnafiki. Machozi yake ni ya kweli, na hilo ndilo la khatari: amemlilia mdhulumiwa asiyemgharimu hata senti, akalala ameridhika na nafsi yake.

Katika darasa letu kijana mmoja aliuliza: je, ikiwa dada mwenyewe ameridhia? Tulimjibu kwa hesabu. Mtu amekufa akaacha mke, mwana mmoja na binti wawili, na nyumba yaleta kodi ya shilingi 32,000 kwa mwezi. Mke ana thumuni, shilingi 4,000. Zinazobaki ni 28,000: mwana 14,000, na kila binti 7,000. Dada aambiwe hesabu hiyo kwa tarakimu, mbele ya mashahidi, na fedha ziwekwe mkononi mwake. Akizirudisha baada ya hapo, ameridhia. Ambaye hajapata kuambiwa fungu lake ni ngapi hakuridhia, amenyamaza tu.